Historia ya tamthilia haifundishwi kwa madesa, wasimamishe madogo waigize

Ukitaka darasa zima lilale saa nane mchana we andika tu ubaoni "Maisha ya mwandishi" alafu anza kusoma, alizaliwa mwaka fulani, akasoma chuo fulani, vitabu vyake ni hivi na hivi, dhamira kuu ukombozi, dhamira ndogo ndogo usaliti na mapenzi. Wataandika, wanafunzi wetu kuandika wanaandika sana, ila ukiwauliza wiki inayofuata Ebrahim Hussein ni nani utaambiwa ni mwandishi aliyeonyesha usaliti katika jamii. Basi. Jitu zima na akili zake zote limegeuka jibu la pepa.

Mi nafundisha fasihi ya Kiswahili sekondari huku Tanzania, na ushauri wangu kwa ticha mwenzangu ambaye ndo anaanza ni huu, mwandishi wa tamthilia usimpeleke darasani kama mtu mwenye ujumbe, mpeleke kama fundi mwenye shida. Ana waigizaji wangapi? Watazamaji wamekaa wapi? Taa zipo au hamna? Nani kalipa, na nani anaweza kumfunga? Ukianzia hapo hizo dhamira utazikuta humo humo njiani na wanafunzi watazisema wenyewe kabla hujazidikteti.

Naanzaga na mtu mmoja. Namsimamisha mwanafunzi mbele atoe ngano yoyote aliyoisikia kwao, paukwa, pakawa, darasa linaitikia, kila mtu anafurahi. Alafu namwambia haya sasa kwenye ngano yako hao wawili wanagombana, we upo peke yako, fanya. Utaona anageuza bega huku, anageuza kule, sauti nene, sauti nyembamba, darasa linakufa kwa kicheko, na hapo ameshagundua kazi ya fanani, yaani mtambaji wa hadithi, bila kuambiwa fanani ni nani. Ndo namtoa Hussein na Jogoo Kijijini, ya mwaka 1976, tamthilia inayobebwa na mtu mmoja, na hawashangai tena eti tamthilia gani hii haina watu, kwasababu wamemwona mwenzao kaifanya dakika kumi zilizopita.

Kutoka hapo kwenda kwa Wagiriki ni hatua fupi sana. Aristotle, mwanafalsafa wao, aliandika kwamba kati ya watunzi wa tamthilia Aeschylus ndo aliongeza mwigizaji akawa wa pili, na Sophocles akaleta wa tatu. Ukiisema hivyo kwa mdomo wanaandika "Sophocles - wa tatu" wanafunga daftari. Kwahiyo usiiseme, ifanyeni. Tunayo Mfalme Edipode ya huyo huyo Sophocles, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971, kama shule haina kitabu we wasimulie tu kisa, kinatosha.

Chukua pale mjumbe anapotoka Korintho kuja kumwambia Edipode kwamba yule mfalme unayemwita baba amefariki, tena katikati ya maneno anaropoka kwamba hata hivyo hakuwa baba yako wa kuzaa. Jocasta, mke wa Edipode, yupo hapo hapo anasikia. Yeye anaelewa kabla ya mume wake kwamba huyo mume ndo mwanae wa kumzaa. Anamwomba aache kuuliza, mume hasikii, mama wa watu anaingia ndani na hatumwoni tena. Baadaye kidogo anakuja mchungaji mzee, yule aliyepewa kichanga akakitupe akashindwa kwa huruma. Sasa Edipode yuko katikati, mjumbe upande huu anachangamka anamkumbusha mzee si unakumbuka ulinipa mtoto, mzee upande ule anatamani ardhi ipasuke. Sheria ninayowapa ni moja tu, wanaoongea wasizidi watatu na hakuna kuongeza mtu. Maana yake aliyekuwa Jocasta lazima akimbie nyuma ya mlango, avue khanga, avae kinyago kingine (sisi tunakata maboksi ya biskuti, tunatoboa macho, tunafunga na kamba ya katani) arudi akiwa mzee. Na hatawahi, anagongana na dawati, khanga imenasa, darasa linapiga kelele.

Hapo uliza, tumpeje muda? Watakuambia waimbe. Fungueni kitabu, na kweli kati ya Jocasta kutoka na mchungaji kuingia lipo lile kundi la wazee wa Thebes, mji wa Edipode, wanaimba. Si kwamba waliimba kwa ajili ya nguo tu, ule wimbo una kazi yake kubwa, una matumaini ya uongo yanayotuumiza zaidi, lakini mtoto aliyegundua kwamba wimbo pia unampa jamaa nafasi ya kubadili sura hawezi kusahau tena mwigizaji wa tatu alileta nini duniani. Bila huyo wa tatu ile kubanana ya watu watatu, anayejua, asiyejua na anayeogopa kujua, isingewezekana.

Shakespeare usimkalie sana, tayari ana watu wengi wa kumsemea. Nachukua kitu kimoja, jua. Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere tunayo, aliitafsiri kwanza ikatoka 1963 akairudia ikatoka tena 1969, mwaka ule ule wa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, na huyu alikuwa Rais ana nchi ya kuendesha, hilo peke yake ukiwaambia wanakaa sawa. Sasa kule London yenyewe iliigizwa mchana, juu wazi, kuna msafiri wa Uswisi Thomas Platter aliiona Septemba 1599 akaandika kwenye kumbukumbu zake. Toeni darasa nje saa nane jua la utosi, waambie waigize usiku wa manane Brutus na wenzake wanapanga kumuua Kaizari, hakuna kuzima chochote. Watahangaika. Alafu soma nao uone jinsi Brutus anavyomwagiza kijana wake awashe taa chumbani, na wale wala njama wanavyobishana mashariki ni upande gani, jua litatokea wapi. Maneno ndo taa yenyewe. Na kama ni shule ya wavulana tupu na wanachekana nani awe Portia, mke wa Brutus, waambie kule wanawake hawakuruhusiwa kupanda jukwaani, vijana wa kiume ndo walicheza nafasi zote za kike na watu walilia machozi. Kicheko kinapungua.

Sasa Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando, hapa kaa. Hapa usikimbie hata kama akademiki, mwalimu wa taaluma, kasimama mlangoni anaangalia saa. Imetoka 1982, katikati ya ile miaka kumi ya wanawake ya Umoja wa Mataifa, 1976 mpaka 1985, kila mahali hotuba za ukombozi wa mwanamke, na yeye anaandika wanawake wa kijiji cha Patata wanaoshindwa kusimamisha nguzo moja. Wanafunzi wakisoma kimya kimya wanaiona ya kuchosha, kina Bi Pili wanakuja, kina Bi Nane wanaondoka, nguzo haisimami, kwani shida nini si waisimamishe.

Tafuta mti. Mti kweli kweli, wa kujengea, mzito kiasi kwamba wasichana wanne hawauwezi na wanane wanauweza vizuri. Laza uwanjani. Waite wanane, lakini kabla hawajashika mpe kila mmoja kikaratasi kilichokunjwa, asimwonyeshe mwenzake, kimoja "mume wako anakuita, nenda", kingine "mtoto anaharisha", kingine "ndugu wa marehemu wamekuja kubeba kabati lako", kingine "sishiki upande mmoja na yule, anajua alichonifanyia", viwili vingine andika ya aina hiyo hiyo, na viwili viache vitupu. Ukipiga kofi wanaanza kuinua, ukipiga la pili mmoja anafuata kikaratasi chake, la tatu mwingine. Ule mti unavyopanda alafu unavyorudi chini, na wale wawili wenye vitupu wanavyobaki wameung'ang'ania huku wanawatukana waliokimbia, hiyo ndo tamthilia yenyewe. (Uwe karibu, na waambie wakielemewa waachie kwa pamoja, miguu ya watoto wa watu hiyo.) Baada ya hapo sijawahi kuhitaji kueleza kwanini Muhando aliwapa namba badala ya majina, mara nyingi wanauliza wao alafu wanajijibu wao. Na wavulana waliokuwa wanatazama wapewe swali lao, nyie mmekaa tu kwanini? Kimya.

Wasifu wa mwandishi nauweka mwisho, wakati tayari kuna swali linaloudai. Mfano Kinjeketile, 1969, tamthilia ya Hussein kuhusu Vita vya Majimaji. Wakishaigiza wanataka kujua kama jamaa alikuwepo kweli. Alikuwepo, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikiwa ndo kwanza vimewaka. Lakini kwenye tamthilia yupo hai mpaka wapiganaji wanashindwa, anafungwa, anatakiwa akiri kwamba yale maji yake ya dawa ya kuzuia risasi yalikuwa uongo, na anakataa kwasababu anajua wajukuu wataambiwa hata kupigana lilikuwa kosa. Kwahiyo Hussein amemwongezea mtu maisha! Kwanini? Kwasababu shida aliyoitaka haipo kwenye kunyongwa mapema, ipo kwenye kuishi mpaka uone neno lako limefanya nini. Ndo hapo ukisema Hussein kazaliwa 1943 Kilwa, na kwamba Majimaji iliwaka kwanza Umatumbi, huko huko Kilwa, ule mwaka na ule mji vinakuwa na maana, havikaririwi.

Kwa kidato cha tano na sita ongeza kisa cha kijiji cha Kamiriithu. Mwaka 1977 Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o anatoa riwaya kwa Kiingereza inayoisema serikali vibaya kabisa, na aliyekuja kuizindua ni waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Mwaka huo huo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wanaandika tamthilia kwa Kikuyu, wanakijiji wenyewe wanaigiza, wafanyakazi na wakulima, kwenye jukwaa la wazi walilolijenga kwa mikono yao. Novemba kibali kinafutwa, tarehe 31 Desemba Ngũgĩ anakamatwa, anakaa jela ya Kamiti bila kushtakiwa. Waachie darasa swali moja tu, riwaya ilizinduliwa na tamthilia ikafungiwa, tofauti nini? Kaa pembeni. Mjadala huo hautaisha kwenye kipindi kimoja na usilazimishe uishe.

Mambo madogo madogo. Wale wenye aibu usiwalazimishe kuongea mbele, wape ngoma, wape kuitikia, wape kushika kitabu na kumkumbusha aliyesahau, hiyo ni kazi halali ya jukwaani. Vidio za kwenye simu ni nzuri lakini baada ya wao kujaribu, ukitanguliza vidio wataiga. Na muda, najua, silabasi inakimbiza, mi natumia vipindi vya pamoja kwa kuigiza na vile vya kimoja kimoja kwa kuandika, na notsi nawapa siku ya mwisho kabisa, kurasa mbili, kwasababu mtihani wa taifa bado utauliza fani na maudhui na siwezi kuwaacha watoto wakienda kule mikono mitupu.

Jaribio langu la mwisho wa mada huwa hivi: una waigizaji watatu, hakuna umeme, watazamaji ni wazazi siku ya kikao, na kuna mtu mmoja mkubwa kijijini hatakiwi kujua kwamba ni yeye anayesemwa. Andika onyesho moja, alafu eleza umeazima ujanja wa nani kati ya tuliowasoma na umeutumia wapi. Alama nyingi naweka kwenye hayo maelezo, onyesho lenyewe hata likiwa bovu sikati sana.