Kibali cha maadili na sahihi ya mvuvi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mkazi wa Tanga. Ninachunguza jinsi wavuvi waliojeruhiwa kwa baruti wanavyotafuta matibabu, kuanzia mwalo wa Deep Sea hapa mjini hadi kijiji cha Kigombe. Kamati ya maadili imenirudishia andiko langu la utafiti, ikihoji usalama wa washiriki na fomu ya ridhaa ambayo kila mvuvi angeitia sahihi. Msimamizi wangu ananishauri nijibu upesi ili niwahi barua za mkoa za kuruhusu utafiti. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Ndugu mwanafunzi, usiharakishe, kwani hoja ya kamati ni ya msingi. Uvuvi wa baruti ni kosa la jinai, na fomu yenye jina na sahihi ya mtu aliyekatwa vidole na baruti yaweza, ikiangukia mikono mingine, kusomwa kama ungamo. Fomu uliyoiweka ili imlinde mshiriki ndiyo inayomhatarisha.

Iombe kamati ikuruhusu kupata ridhaa ya mdomo, na ueleze sababu waziwazi. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2024, linaitambua ridhaa isiyoandikwa pale ambapo ya maandishi haiwezekani, mradi ishuhudiwe na kuwekewa kumbukumbu. Ambatisha maneno yenyewe utakayomsomea mvuvi, kwa Kiswahili anachokizungumza pwani, pamoja na maelezo ya nani atashuhudia na kumbukumbu itaandikwaje bila jina.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipita kwa sentensi moja, ni njia ya kuwapata washiriki. Desturi yetu ni kufika kwa mwenyekiti wa kijiji au kikundi cha usimamizi wa fukwe, nao wakakuitia watu. Lakini vikundi hivyo vina jukumu la kudhibiti uvuvi haramu. Ukiwaomba majina ya waliojeruhiwa kwa baruti, umewatengenezea orodha ya washukiwa, na mvuvi aliyeitwa na kiongozi wake hana uhuru wa kukataa. Jitambulishe kwa viongozi kama inavyopasa, ukitaja majeraha ya kazi za baharini kwa jumla, kisha washiriki wakufuate wenyewe, kwa mfano kwa kuambiana wao kwa wao. Hilo nalo liandikwe katika andiko, kwa kuwa kamati itauliza.

Tatu, usiahidi usiri usio na mipaka. Mahakama ikidai kumbukumbu zako, ahadi uliyoitoa ufukweni haitakusaidia. Ndiyo maana ni salama zaidi kutouliza kabisa tarehe ya tukio, mahali lilipotokea, wala aliyeuza baruti. Utafiti wako ni wa matibabu, na maswali hayo hauyahitaji. Sauti zilizorekodiwa zifutwe baada ya kunakiliwa na kuhakikiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo eleza zitahifadhiwa wapi, nani atazifikia na zitaharibiwa lini.

Kuhusu barua, zina mpangilio wake, na msimamizi wako anaujua vizuri kuliko mimi. Kibali cha maadili hutangulia. Kwa utafiti wa afya, ngazi ya taifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, basi uliza mapema chuoni kama andiko lako linapaswa kufika huko. Baadaye huja barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, halmashauri, kata na kijiji. Barua ya mkoa haichukui nafasi ya kibali cha maadili, hata ikiwa na mhuri mkubwa kiasi gani, na mahojiano yaliyofanywa kabla ya kibali hayahalalishwi kwa kibali kilichokuja nyuma yake.

Unapojibu, nakili kila hoja ya kamati, andika jibu chini yake, na utaje ukurasa wa andiko uliorekebishwa. Na ukishapewa kibali, ukaona haja ya kuongeza swali au kijiji kingine, tuseme Tongoni, peleka kwanza maombi ya marekebisho kwa kamati hiyohiyo na usubiri jibu lake.