Re: Mbona jua halipatwi kila mwezi?

Mkuu umeuliza mbona jua halipatwi kila mwezi wakati mwezi unazunguka dunia mara moja kila mwezi hivi. Iko hivi, njia ya mwezi imeinama kama digrii 5 hivi, kwa hiyo ukiandama kivuli chake mara nyingi kinapita juu au chini ya dunia kinaishia angani, mpaka jua, mwezi na dunia vinyooke mstari mmoja ndo jua linapatwa. Mwezi kupatwa ni dunia kukaa katikati, ndo maana 7 Septemba 2025 saa 2 na nusu usiku uligeuka mwekundu, mwanga wa jua unapinda kwenye hewa yetu, bluu inatawanyika nyekundu inapita. Huo angalia tu kwa macho ukiwa hata Capri Point hapa Mwanza. Ila jua usithubutu kuliangalia, hata kivuli chake kwenye beseni la maji, wengi huku wanadhani ni salama, linaunguza macho kabisa.