Unaitwa Rehani? Usikimbilie kubadili jina

Mimi naitwa Rehani na utani nimeanza kuula tangu darasa la kwanza, eti babako alikopa nini mpaka akakuweka wewe. Nikazoea. Ila iliyonichoma ni siku nimeenda benki fulani kuomba mkopo, jamaa wa mikopo anasoma fomu anacheka, "kinachowekwa rehani nyumba, mkopaji Rehani, sasa akishindwa tunakamata kipi?" Foleni nzima ikageuka kuniangalia. Nikatoka pale nimeshaamua, jina nabadili.

Nikampigia bibi yangu Unguja kumwambia. We! "Nani kakwambia jina lako la deni? Jina lako lile jani la uani hapa." Kumbe mrehani, ule wanaotia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia cha wanawake, pamoja na maua ya asmini na mkadi, mwanamke akishapita harufu inabaki mlangoni, na mimi miaka yote hiyo najua ni kivumbasi cha kufukuzia mbu tu. (Ni ndugu hao lakini sio kitu kimoja, sugua jani la huu na la huu unuse mwenyewe.)

Baadae ustadhi mmoja akanifungulia zaidi. Kwa Kiarabu haya ni maneno mawili hayana hata undugu: jani ni raihani, mzizi wake ndio huo huo wa roho na riha, yaani harufu, na dhamana ya deni ni rahni. Yamefika kwetu pwani tukayavalisha kanzu moja. Na yote mawili yamo kwenye Qurani, jani liko Surat Rahman aya ya 12, dhamana iko Muddathir aya ya 38, pale panaposema kila nafsi imefungwa na ilichokichuma. Halafu Mtume mwenyewe wajukuu zake Hasan na Husein aliwaita raihani zake mbili za hapa duniani. Sasa hapo ningebadili ili niitwe nani?

Kwa hiyo wewe unayetaniwa, kabla hujaenda kwa wakili muulize aliyekupa jina alikuwa anawaza nini, na muulize mapema wazee hawasubiri. Ila tahajia chagua moja ushike hiyo hiyo. Mimi cheti cha kuzaliwa Raihani, cheti cha form four Rehani, kitambulisho Rihani, nimezunguka na viapo mpaka viatu vimeisha soli, jina lenyewe halijawahi kunitesa kama hizo herufi.

Mkopo nilipata mwishoni. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 nyumba ya ndoa huiweki rehani bila ridhaa ya mwenzio, basi ikabidi mke wangu aje kusaini. Yule jamaa akaanza tena utani wake, mama akamaliza kusaini akamwambia, "kaka, huyu Rehani nilishamkamata mimi mwaka wa tisa huu, nyie bakini na nyumba."