Kupima Msongo wa Mawazo kwa Ngozi: Ushauri kwa Wanaoanza Visiwani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete aliniandikia kwamba amenunua kihisi cha kupima upitishaji umeme wa ngozi, amekiunganisha na Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachosoma vihisi, na sasa ana hofu kwa sababu namba zinapanda tangu asubuhi hadi adhuhuri hata akiwa amekaa kitako bila ya jambo la kumkera. "Kaka, mimi ni mgonjwa?" aliniuliza. Namjibu hapa kwa kuwa wenye kiu kama yake ni wengi, na kwa kuwa nimekifanyia kazi kifaa hiki kuliko wengi ninaowafahamu hapa Unguja.

Mdogo wangu, namba hizo pekee hazithibitishi ugonjwa wowote. Tezi za jasho za viganjani huamrishwa na neva za simpathetiki, zile zile zinazouandaa mwili kukabili hatari, na jasho likiongezeka umeme hupita kwa wepesi zaidi. Mfaransa Charles Féré aliyaeleza mabadiliko ya namna hii tangu mwaka 1888. Lakini joto nalo hutoa jasho, na unyevu wa hewa yetu, hasa wakati wa Masika, hulichelewesha kukauka, huku ngozi iliyofunikwa na elektrodi, yaani vipande vya kihisi vinavyogusa ngozi, ikizidi kulowa kadiri muda unavyokwenda. Kupanda huko kwa polepole usikushughulikie. Tazama mpando wa ghafla, unaoanza kati ya sekunde 1 na 3 baada ya mtu kushtuka au kuulizwa jambo zito, kisha hushuka wenyewe.

Mimi niliyafahamu haya kwa mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano ya kuhifadhi Kurani. Nilimfunga kihisi vidoleni, nikamwomba asome mbele ya jamaa. Mstari wa vipimo kwenye mchoro ulipanda kwa kasi jina lake lilipotajwa, kabla hajatamka hata bismillahi, na alipokwisha kuingia ndani ya sura ukaanza kushuka. Alipouona mchoro aliniambia, "Mjomba, kumbe hofu yangu iko kwenye kungoja." Tangu hapo akawa anafanya mazoezi ya kungoja: kukaa, kusikia jina lake, kuvuta pumzi taratibu, kisha kusimama. Ninajivunia kazi ile hadi leo, ingawa waandaaji wa maonyesho fulani walinikataza nisiionyeshe, wakisema ni kidude cha kuchezea watoto. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyetaka kuutazama mchoro.

Kwa saketi yenyewe, ngozi na rizista (kipande kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu) ya kilo-omu 100 zikipangwa mfululizo kwenye volti 5 zinatosha kuanzia. Ngozi yenye ukinzani wa kilo-omu 100, yaani upitishaji wa maikrosimensi 10 (kipimo cha wepesi wa umeme kupita), itagawana volti hizo nusu kwa nusu, na Arduino Uno, inayosoma kutoka 0 hadi 1023, itaonyesha takriban 512. Tumia betri, wala usimfunge mtu kihisi huku kompyuta imechomekwa kwenye umeme wa ukutani. Pima saa ile ile, kwenye chumba kile kile, baada ya mtu kupumzika dakika kadhaa. Usimpime aliyetoka kutawadha sasa hivi wala aliyepaka mafuta ya nazi mikononi, na mwombe asikohoe wala asivute pumzi kwa nguvu, maana hayo pia huinua mstari. Mlinganishe mtu na nafsi yake katika hali ile ile, usimlinganishe na jirani yake.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wakiwafunga wadogo zao vihisi na kuwatuhumu uongo. Furaha huuinua mstari kama hofu inavyouinua, na kifaa hakijui kuzitenganisha. Tusiwadhulumu watu wetu kwa kitu tulichokitengeneza kwa mikono yetu. Mpimwaji aulizwe kwanza kama ameridhia, kisha aelezwe mchoro wake unaonyesha nini na hauonyeshi nini. Na wewe, kijana wangu wa Wete, ikiwa hulali usiku au moyo unakwenda mbio siku baada ya siku, kiache kifaa mezani uende hospitali ukamweleze daktari. Ikiwa uko salama, rudia kupima alfajiri kabla jua halijapanda, kisha uniletee michoro yote miwili, wa alfajiri na ule wa adhuhuri, tuone joto limechangia kiasi gani.