Kwa mwanangu, kuhusu ile nyumba ya Mbezi Beach

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza bodaboda zinapiga kelele hapo kwako Sinza sikuambulia kitu, ndo nikaelewa kwa nini unataka kuhama. Umeniuliza uinunue hiyo nyumba ya Mbezi Beach upande wa chini kwa vile mtaa umetulia. Sasa mama, umeenda kuiona Jumapili saa nane mchana, mtaa gani Dar haujatulia Jumapili saa nane mchana?

Mimi na baba yako tuliingizwa mjini na Jumapili hiyohiyo. Nyumba yetu ya kwanza pale Tabata, wewe hujazaliwa, tulikaa chini ya mwembe tunasikia njiwa tu, tukalipa. Ijumaa ya kwanza tumehamia ndo tunajua nyuma ya ukuta kuna baa, spika zimeelekezwa chumbani kwetu, vikombe kabatini vinagongana mpaka saa tisa usiku, na baba yako alipotoka kwenda kulalamika kwa mjumbe akamkuta mjumbe mwenyewe kakaa palepale, anamkaribisha kiti.

Kwahiyo nenda Ijumaa usiku, zima gari, shusha vioo, tulia usikilize. Na uliza mama wa genge pale kona, sio dalali, dalali ukimuuliza habari za mvua atakwambia hapa maji yanapita tu hayakai. Yanapita wapi, sebuleni? Saizi ni Agosti kila nyumba kavu, masika ni Machi mpaka Mei na maji ya kule juu yote yanatafuta bahari kupitia hukohuko chini. Umesema imepakwa rangi mpya, nipigie picha ukuta wa nje, maana kama rangi mpya imeishia magotini na mlangoni kumejengewa katuta ka tofali basi wenyewe wanajua maji yanafika wapi.

Hati nayo, usisome miaka tu, soma imeanza lini. Ardhi yetu hii tunapewa kwa miaka 33, 66 au 99, sasa ya 33 iliyoanza 1998 inaisha 2031, utaanza kuhangaikia kuihuisha hata mkopo hujamaliza. Afu kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hujatoa hata mia, kama kuna benki imeiwekea mkono itaonekana hapo. Na mke wa muuzaji umemuona? Asaini na yeye, nyumba ya familia mume haiuzi peke yake, asije akakuibukia na kesi ushatundika mapazia.

Bei sina neno, hela umeitafuta mwenyewe.

Ijumaa napanda basi la mchana hapa Moro, nipokee Stendi ya Magufuli. Usinipikie kwanza, tunaanzia hukohuko Mbezi Beach.

Mama yako