Usilipie udhamini wa kundi la mafundi

Mkuu, usilipe! Unasema una duka la vifaa vya umeme mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na admini wa kundi la WhatsApp la mafundi na wakandarasi anataka laki tatu kwa mwezi uwe "mdhamini" utupie matangazo kila asubuhi. Unauliza kama bei ni halali, na nani ashike simu.

Hela hiyo mimi nimeshailipa. Alinishawishi bwana mmoja anayejiita mshauri wa masoko ya mtandaoni, viatu vimechongoka utadhani anakwenda kuchoma mishikaki. "Bosi, humo wamo watu elfu moja, hata wakinunua asilimia tano tu…" Asilimia tano! Sijawahi kumwona akiuza hata kiberiti. Nami kwa akili zangu timamu nikakopa, nikajaza stoo waya. Hakuniambia kwamba wengi humo wana maduka kama langu, wanachungulia bei.

Kilichonimaliza ni fundi mmoja wa Mbagala. Alitupia picha ya soketi iliyoyeyuka, waya wa milimita 2.5 ganda limekauka, akauliza shida nini. Kijana wangu, kwa maelekezo ya mshauri, akajibu: "Karibu dukani, waya original, bei poa!" Akarudia. Jamaa wa duka jingine akamwambia zima umeme, kata ncha, kwangua kwa kisu. Ukikuta weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa kopa, yaani shaba, haibebi umeme sawa na kopa tupu, inachemka hasa kwenye maungio. Duka lake hakulitaja kabisa.

Fundi akakwangua, akaleta picha: nyeupe. Basi kundi zima likageukia waya zangu za "bei poa". Zilikuwa kopa safi, lakini nani anasikiliza mtu anayejitetea huku anatangaza? Mkandarasi wangu wa siku zote, mwenye ghorofa Tegeta, akahamia kwa yule jamaa: waya, breka, swichi, kila kitu. Mzigo ukalala stoo, benki wakawa wananipigia kuliko wateja.

Kampuni zenye akili hazikai humo kuuza. Zinasikiliza breka gani inarudishwa, fundi gani anaaminika, nani ana kazi Kigamboni. Zabuni za serikali zilipohamia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, mwaka 2023, wengi walielekezwa kujisajili na wenzao humohumo, bure.

Kwa hiyo: bei usiitaje mpaka uulizwe. Jibu matatizo ya watu kwanza, mpaka wao wenyewe waulize duka liko wapi. Simu mpe yule anayekata waya kaunta, hata kama anaandika "xaxa", siyo mpwa wako mwenye diploma ya masoko. Admini aking'ang'ania laki tatu, muulize kama fundi wa kawaida naye analipa kuingia. Halipi. Ingia kama fundi.