Pumu ya mtoto anayekwenda bweni
Dada, umeuliza kama walimu wafundishwe pumu au inatosha mtoto kwenda bweni na dawa yake. Wafundishwe, na wenzake pia! Nafundisha huku Mbeya. Juni na Julai baridi ya asubuhi inauma, na kufagia darasa bila kunyunyiza maji kunawabana vifua wanafunzi wenye pumu. Nilimkuta binti akijipulizia dawa kwa pampu yake ya pumu, yote inaishia ulimini badala ya kufika mapafuni. Basi tulitoboa kitako cha chupa tupu ya plastiki ya maji ya nusu lita, tundu la kubana mdomo wa pampu, tukaichomeka hapo. Unapuliza mara moja, anavuta pumzi taratibu mara tano kwenye mdomo wa chupa, ndipo unapuliza tena. Asipopata nafuu, hospitali mara moja. Na pampu ikae mfukoni mwake, isifungiwe kabatini kwa matroni.